Ukiwa Kigoma na unatafuta mtaalamu wa majeraha ya kupuuzwa utotoni

Mwanangu alipokuwa na miaka saba alianguka kutoka kwenye mwembe nyuma ya nyumba yetu, Ujiji. Goti lilichunika, kiwiko kikavimba. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua dagaa. Alikuja mbio analia, akanipita, akaenda moja kwa moja kwa mama jirani, na huko ndiko alikobembelezwa. Nilimpeleka hospitali, nikalipa, njiani nikamnunulia soda. Usiku sikupata usingizi, kwa sababu nilijua kwa nini alinipita. Mimi pia nilikuwa nikimpita mama yangu hivyo hivyo.

Haya nayaandika kwa mtu ambaye alilishwa, akavishwa, akasomeshwa, hakupigwa kuliko watoto wengine wa mtaa, na bado ndani yake kuna chumba ambacho hakijawahi kuwashwa taa. Nitaeleza namna ya kumpata mtaalamu ukiwa Kigoma, na wenzetu wa Tabora watanifuata pia maana njia hazipishani sana. Wataalamu wa kazi hii ni wachache huku kwetu, hivyo usipojipanga unaweza kuzunguka mwaka mzima ukarudi na dawa za usingizi tu.

Jambo moja kabla ya yote. Ikiwa mawazo ya kutotaka kuishi yanakujia, au umeshaanza kufikiria namna, usisubiri kumaliza kusoma mwongozo huu. Nenda hospitali iliyo karibu leo, saa yoyote, pamoja na mtu unayemwamini, na umwambie daktari maneno hayo bila kuyafunika. Kumweleza daktari kwamba mawazo hayo yanakujia si kosa.

Lijue unalotafutia tiba

Kupuuzwa kihisia ni mtoto kukosa mtu mzima wa kuona anachohisi na kumjibu. Wengi wetu tunapolisikia tunadhani ni anasa ya kizungu. Lakini Shirika la Afya Duniani linapoeleza maana ya kumtelekeza mtoto, linataja makuzi ya kihisia sambamba na chakula, malazi, afya na elimu. Na mmoja wa waliotuonyesha mapema kwamba mtoto anahitaji kusomwa moyo, mwanasaikolojia Mary Ainsworth, alianzia kazi hiyo karibu na sisi: mwaka 1954 na 1955 alikuwa akitembelea familia 26 za Kiganda karibu na Kampala, akiwatazama mama na watoto wachanga. Akaona kwamba mama aliyeweza kueleza habari za mtoto wake kwa undani, anapenda nini, analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, mara nyingi ndiye mwenye mtoto aliyetulia. Hao walikuwa akina mama wa vijijini Uganda, wenye jembe mkononi na mtoto mgongoni.

Baadaye, kati ya 1995 na 1997, watu zaidi ya 17,000 waliulizwa habari za utoto wao huko California, Marekani. Orodha iliyotokana na kazi ile ina mambo kumi yanayomuumiza mtoto, na kupuuzwa kihisia ni moja, limesimama peke yake mbali na kipigo na matusi. Kadiri mtu alivyokuwa na mengi kati ya hayo kumi, ndivyo uwezekano wake wa kupata sonona (huzuni nzito isiyoondoka), ulevi na hata magonjwa ya moyo ukubwani ulivyopanda. Nimeyataja haya kwa sababu utakutana na mtu atakayekuambia unajidekeza, na ni vizuri uwe na la kumjibu, hata kama ni la kujijibu mwenyewe kimoyomoyo.

Hatua ya 1: Tafuta maneno kabla ya kutafuta mtu

Ugumu wa jeraha hili ni kwamba halina tukio. Aliyechapwa na waya atasema siku ile nilichapwa na waya, na alama ataionyesha. Wewe utaonyesha nini? Ukiingia kwa daktari mwenye foleni ya watu thelathini nje, ukasema "najisikia vibaya tu", atakupima malaria. Hana kosa, umempa neno moja na yeye ana dakika tano.

Kwa hiyo chukua daftari. Mwanasaikolojia wa Marekani, Jeffrey Young, aliyachambua mambo haya kwa namna iliyonisaidia sana. Anasema mtoto anaweza kunyimwa vitu vitatu: upole, kueleweka, na ulinzi wa kumwongoza. Nimevigeuza kuwa maswali ya kwetu:

Ulipolia, nani alikuja?

Nani alijua unachopenda na unachoogopa, na ulijuaje kwamba anajua?

Ulipokwama, shuleni au mtaani, nani alikaa nawe mkatafuta la kufanya?

Jibu kwa kumbukumbu, usijibu kwa hukumu. Usiandike "mama hakunipenda", kwa sababu hujui, na pengine si kweli. Andika ulichokiona. Mimi niliandika habari ya sahani. Tulikuwa tunakaa Kibirizi. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukizama yeye yuko ziwani. Mama alikuwa ufukweni tangu alfajiri kupokea mzigo, mchana kuuanika, jioni kuugeuza. Nikirudi shule nilikuta sahani juu ya kigoda, imefunikwa na sahani nyingine iliyopinduliwa: ugali wa muhogo, dagaa wa mawese, wakati mwingine ndimu pembeni. Ugali ulikuwa umeshashika ngozi kwa juu. Nilikula nimesimama. Miaka yote ile sahani haikukosekana hata siku moja, na miaka yote ile sikumbuki kuulizwa shule ilikuwaje. Hata siku mama alipokuwa nyumbani tulikula kimya, yeye akisikiliza redio.

Ukurasa wa pili uandike ya leo. Kwangu yalikuwa haya: siwezi kuomba msaada hata nikiwa nimezama. Nikisifiwa natafuta pa kujificha. Mume wangu akiniuliza nina nini nasema "kawaida", na kweli sijui nina nini. Mtu akilia karibu yangu mwili unakakamaa. Nahudumia kila mtu na jioni nina hasira nisiyojua inatoka wapi. Ongeza na ya mwili: usingizi, kula, uchovu, kichwa, na tangu lini.

Mwishoni punguza yote yawe sentensi mbili utakazoweza kuzisema dirishani bila kulia. Zangu zilikuwa: "Nimekua bila mtu wa kunisikiliza na sasa nashindwa kuwa karibu na mume wangu na watoto. Naomba kuonana na mtu wa tiba ya mazungumzo." Nilizifanyia mazoezi nikiosha vyombo.

Hatua ya 2: Radhi

Hapa ndipo wengi tunapokwama, na mwongozo wowote usiogusa radhi haujaandikwa kwa ajili yetu. Nilikaa na lile daftari karibu miezi minne chini ya godoro kwa sababu nilihisi namsengenya mama. Mama yuko hai, anaswali, majirani wanamheshimu. Nani mimi wa kwenda kumweleza mgeni habari zake?

Kilichonisaidia ni kufikiria mguu. Ukivunjika mguu shambani kwa baba yako, ukafika zahanati ukaulizwa umeumia wapi, utasema shambani kwa baba. Hujamtukana baba. Umesema ulipoumia ili mfupa uungwe. Niliongea pia na shehe wa mtaani kwetu bila kutaja undani, akanikumbusha kwamba kutafuta tiba ni jambo lililohimizwa, na kwamba kumtendea mzazi wema hakuhitaji mtu aseme uongo juu ya maumivu yake. Kwa Wakristo, padri au mchungaji mwenye busara nadhani atakuambia lililo karibu na hilo.

Na ujue mtaalamu mzuri hatakutuma ukamkabili mzazi wako. Mimi sijawahi kumwambia mama neno, na bado Ijumaa nampelekea migebuka. Nilichojifunza ni kwamba yeye naye alilelewa Kasulu na bibi aliyechoka, mama yake alikufa akiwa mchanga. Hakuna aliyewahi kumbembeleza, angelijulia wapi? Kuelewa hivyo kumenipunguzia kinyongo. Hakukunipunguzia upweke, na ndiyo maana tiba ilihitajika hata baada ya kuelewa.

Hatua ya 3: Jua nani ni nani

Watu watakuelekeza kwa yeyote wanayemwita "daktari wa akili". Hawa hawafanani.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili anachunguza, anatambua ugonjwa, anaandika dawa. Ni wachache nchini na wengi wako kwenye miji yenye hospitali kubwa. Kupuuzwa utotoni hakuna kidonge chake, lakini sonona au wasiwasi unaoandamana nako unaweza kuhitaji dawa, na dawa hizo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Ukiandikiwa, usiziache ghafla kwa sababu siku tano zimepita hujaona kitu.

Mwanasaikolojia tiba ndiye hasa unayemtafuta. Kazi yake ni mazungumzo yenye utaratibu. Muhimbili wanawasomesha hadi shahada ya uzamili.

Muuguzi wa afya ya akili ndiye utakayemkuta mara nyingi zaidi katika mikoa yetu. Usimdharau kwa kuwa si daktari. Kule Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza wenye sonona kwa mpangilio maalumu, na utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ikiwa bibi aliyefundishwa vizuri anaweza, muuguzi aliyesomea anaweza pia. Aliyenisaidia mimi ni muuguzi.

Afisa ustawi wa jamii yuko hospitali na halmashauri. Mara nyingi yeye ndiye anayejua nani mkoani anafanya tiba ya mazungumzo kweli na nani ana kibao tu. Mfanye rafiki mapema.

Viongozi wa dini na wazee wanaweza kukufariji, na faraja ni kitu kikubwa. Lakini wengi wao watataka kukupatanisha na mtu, na wewe hujagombana na mtu.

Hatua ya 4: Nenda, na ujue la kusema dirishani

Kwa Kigoma mjini anza na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni. Kwa Tabora anza na Kitete. Ukiwa Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe au Uvinza, na kwa upande wa Tabora ukiwa Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua au Sikonge, anzia hospitali ya wilaya au ya misheni iliyo karibu, uliza kama wana mtumishi wa afya ya akili, na kama hawana omba barua ya rufaa. Usilipe nauli kabla hujajua siku za kliniki. Piga simu, au mtume ndugu aliye mjini akaulizie.

Sasa sikia hili kwa makini. Nchini kwetu maneno "ushauri nasaha" yamekaa sana kwenye mambo ya VVU. Mara ya kwanza nilipoenda kituo kimoja nikasema naomba ushauri nasaha, nilielekezwa kwenye benchi, nikakaa karibu saa nzima, na nilipoitwa ndani nikakuta sindano na vipimo viko tayari mezani. Nilipima, sikuona vibaya, lakini nilirudi nyumbani na jeraha langu lile lile. Kwa hiyo sema "afya ya akili" au "tiba ya mazungumzo". Ukiona aibu kulisema mbele ya foleni, liandike kwenye karatasi umpe aliye dirishani.

Utapita kwa daktari wa kawaida kwanza. Mpe zile sentensi mbili, kisha ukurasa wa dalili za mwili. Mwache akupime damu na shinikizo, kwa sababu uchovu na huzuni vinaweza kutoka kwenye upungufu wa damu au tezi ya shingo, na ni vizuri hayo yaondolewe mezani. Kisha rudia ombi lako. Mimi ilinibidi nirudie mara tatu. Mara ya tatu daktari aliweka kalamu chini.

Nenda mapema, uwe na maji na kitu cha kutafuna. Ukiwa na mtoto mdogo muache kwa mtu, maana mbele ya mtoto hutasema kitu.

Hatua ya 5: Ukikosa karibu, tafuta mbali, kisha uendelee kwa simu

Hospitali kubwa zenye idara za magonjwa ya akili zinazofikika kutoka kwetu ni Bugando, Mwanza, na Mirembe, Dodoma, ambayo ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili. Mbali zaidi kuna Muhimbili. Treni ya reli ya kati inatoka Kigoma, inapita Tabora na kufika Dodoma, kwa hiyo safari yenyewe inawezekana hata kwa mwenye kipato kidogo.

Najua jina Mirembe limegeuzwa tusi. Tulipokuwa watoto tuliambiana "wewe umetoka Mirembe". Naomba tuliache. Kuna watu wanakwenda pale asubuhi kuonana na daktari na jioni wanarudi walikotoka, kama unavyokwenda kliniki ya macho.

Mpango unaofaa kwa wengi wetu ni huu: safari moja ya kuonana ana kwa ana, mjuane uso, kisha vikao vinavyofuata kwa simu. Wapo wataalamu wanaokubali. Muulize kabla hujaondoka, na mkubaliane siku na saa isiyobadilika.

Shida ya simu huku kwetu ni mahali pa kuongelea. Nyumba nyingi za kupanga hazina dari. Ukinong'ona chumba cha kwanza, chumba cha tatu wanakujibu. Nilijaribu ufukweni, upepo wa ziwa ukala sauti yote. Niliishia kwenye darasa tupu la shule ninayofundisha, saa kumi jioni, watoto wameshaondoka, nimekaa dawati la nyuma. Kanisa katikati ya wiki, duka la rafiki baada ya kufungwa, kivuli cha mti shambani, popote ambapo unaweza kulia bila mtu kuja mbio kuuliza nani amekufa. Tumia simu ya kawaida kama intaneti inakatika. Kukatikakatika katikati ya jambo zito kunaumiza kuliko unavyodhani.

Hatua ya 6: Kikao cha kwanza ni cha kumpima yeye

Ukishampata usihisi umepewa hisani. Una haki ya kuuliza, na aliyesoma kweli hakasiriki kuulizwa. Uliza amesomea nini na wapi. Uliza siri inatunzwaje, na ni lini atalazimika kuivunja. Jibu sahihi ni kwamba ataivunja maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa. Uliza mtakutana mara ngapi na kwa muda gani. Duniani kikao huwa dakika kama hamsini kila wiki. Hospitali ya umma yenye foleni unaweza kupewa ishirini kila wiki mbili. Ni kidogo, ila kinatosha kuanza ukija na daftari.

Halafu uliza swali lililo muhimu kuliko yote: "Umewahi kumsaidia mtu ambaye hakufanyiwa kitu kibaya, ila kuna kitu hakukipata?" Tazama uso wake.

Mtu wa kwanza niliyempata nilimsimulia habari ya sahani. Akatabasamu, akasema nimshukuru Mungu, wengine hawakuwa na hata hiyo sahani. Alisema kwa wema. Nilimshukuru, nikaondoka, na sikumtafuta mtu mwingine kwa miezi saba.

Wa pili alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, kwenye chumba chenye feni iliyokuwa inagonga kila ikizunguka. Nilianza kwa kujihami. Nikamwambia mama yangu alinipenda, alinifunikia chakula kila siku bila kukosa. Akaandika kitu, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sahani nimeiona, mama. Wewe ulikuwa unakula na nani?"

Sikuweza kujibu. Feni iligonga, ikagonga. Hakuniharakisha, hakunipa kitambaa haraka ili ninyamaze, hakusema pole mara kumi. Alikaa tu pale. Nilikuwa na miaka thelathini na nane na ndiyo mara ya kwanza kulia mbele ya mtu mzima asiyeondoka chumbani.

Unamtafuta mtu wa namna hiyo, awe daktari, awe muuguzi, awe mzee wako au kijana: anayeweza kusikia jambo ambalo halikutokea. Akikuuliza "lakini walikufanyia nini hasa?" mara moja, mweleze. Akiuliza mara tatu, bado hajakusikia.

Kuna wa kuondoka kwake siku hiyo hiyo: anayetaka mkutane kwake usiku, anayekugusa au kukutongoza, anayetaja wagonjwa wake wengine kwa majina, anayedai fedha za kuondoa laana ya ukoo, anayekulazimisha usamehe kabla hujamaliza kusema.

Na uliza lugha. Mimi Kiswahili nakitumia siku nzima, lakini mambo yangu ya utoto yalitokea kwa Kiha. Kuna maneno ya bibi ambayo nikiyatafsiri yanapoa. Yule kijana alikijua kidogo, nikawa nachanganya. Kama mtaalamu wako hajui Kiha au Kinyamwezi, mwambie mara moja moja utasema kwa lugha yako kwanza, ndipo umweleze maana.

Hatua ya 7: Fedha

Ulizia bei kabla. Hospitali ya umma utalipia kumwona daktari na pengine kila hudhurio. Ukiwa na kadi ya bima, uliza dirisha la bima kama tiba ya mazungumzo inaingia kwenye kitita chako au ni dawa na daktari tu, na kama barua ya rufaa inahitajika ili wakubali. Usiyeweza kulipa, mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Ndiye anayeshughulikia misamaha ya wasio na uwezo, na haihitaji umlilie mtu mlangoni.

Kwa mtaalamu binafsi wa simu, omba mkubaliane idadi ya vikao, labda sita, kisha mpime. Kuanza bila kujua utamaliza na kiasi gani kunawafanya wengi wakate katikati kwa aibu ya deni.

Hatua ya 8: Jua kazi itakavyokuwa, kisha uipime

Mwanzo utachoka. Baada ya vikao vya kwanza nilirudi nyumbani nikalala mchana kwa muda wa saa mbili kama niliyetoka kulima. Unaweza pia kuwa na hasira kwa wazazi ambayo hukuwa nayo. Hupungua. Usifanye uamuzi mkubwa wa kifamilia wiki hizo.

Kazi yenyewe ni ndogondogo. Yangu ya kwanza ilikuwa kutaja ninachohisi mara tatu kwa siku, na neno "kawaida" lilikuwa marufuku. Nilidhani ni rahisi. Siku ya kwanza niliandika "njaa" mara tatu. Ilichukua wiki mbili nikaandika "soni", baadaye "upweke", baadaye "hamu ya kuulizwa". Kiswahili kina maneno mengi ya moyo kuliko tunavyoyatumia. Uchungu si huzuni, na kinyongo si hasira. Baadaye nikapewa kazi ya kuomba msaada mmoja kila wiki, hata wa kubebewa ndoo. Wiki ya kwanza niliona afadhali nibebe ndoo kumi.

Mpe mtaalamu vikao vitatu au vinne kabla hujaamua. Kisha jiulize: natoka pale nikiwa nimesikika zaidi au nimefundishwa zaidi? Kuna siku nasema jambo ambalo sikupanga kusema? Ukiona hapana kwa yote mawili, mwambie. Akipokea vizuri na kubadilisha namna, baki. Akikasirika, shukuru na utafute mwingine. Kubadilisha mtaalamu si utovu wa adabu.

Ukiwa mzazi kama mimi, utaanza kuona kwa watoto pia. Mwaka jana yule mwanangu alichomwa na mwiba wa samaki. Alikuja kwangu akaninyooshea kidole. Nilikishika, nikamuuliza kinauma wapi hasa, akanionyesha, tukakitazama wote wawili, kisha akaenda kucheza. Ilichukua chini ya dakika mbili. Na ikiwa mtoto wa jirani ndiye unayemwona ameachwa bila mtu, namba 116 ni ya simu kwa watoto na haitozwi.

Hatua ya 9: Jiandae na uhamisho

Hili hakuna aliyeniambia, nami nakuambia. Watumishi wa serikali huhamishwa. Yule kijana alihamishwa tukiwa kikao cha kumi na moja, na kwa mtu aliyezoea kuachwa na watu bila neno, hiyo ni pigo. Uliza tangu mwanzo: ukihamishwa, tutafanyaje? Omba kikao cha kuagana hata kama ni cha dakika kumi, msiagane kwa ujumbe wa simu. Omba aandike kwenye faili mlikofikia, ili anayefuata asianze na "walikufanyia nini". Uliza kama anaweza kuendelea nawe kwa simu mpaka upate mwingine. Wangu alikubali mara mbili kwa mwezi, kutoka huko alikopelekwa. Namba ya faili lako iandike jalada la ndani la daftari, pamoja na jina la kliniki, siku zake, na zile sentensi mbili ulizoanza nazo, maana dirishani utakuta mtu mwingine na utazihitaji tena.